Sekunde Nne Baada ya Giza

Mwanjelwa, nyuma ya mabanda ya mitumba,
Tusekile hupima vyuma vya watu kwa mizani ya ndizi.
Shaba ina bei. Aluminiamu ina nusu bei.
Chuma ni chuma tu, tupa pale.
Transfoma kwake ni shaba iliyovaa koti:
hulivua koti kwa nyundo, vanishi akaichoma kwa tairi.

Nilimkuta mkono umeshainuka.
"Ngoja. Hiyo nzima."
"Nzima kama nani? Tazama kutu."
"Nipimie hivyohivyo."
Akapima. Akanitoza na koti.

Ya pili nilipanda nayo basi kutoka Tukuyu,
ndani ya redio ya valvu ya marehemu Ambilikile.
Kuku walikuwa wametagia mle, miaka,
manyoya yamenata kwenye kioo cha stesheni,
kati ya miji ambayo hakuna aliyewahi kuifika.
Mjane hakutaka hela.
"Toa matumbo yake," alisema, "kabati nirudishie,
niweke sahani."

Juni. Maji ya bomba yanauma meno.
Solda inaganda kabla sijamaliza kupuliza.
Waya wa ndani ulikuwa umekatika,
nikaufumua wote, nikausuka upya kwa mkono,
elfu mbili mia tatu na arobaini na...
mtoto wa jirani akachungulia: "Shikamoo, saa ngapi?"

Nikaanza upya.

Trei la mikate likawa sakafu.
Mbao za paini kutoka Sao Hill, zenye vifundo, zikawa kuta.
Usoni, gunia la viazi vya Uyole;
nimelifua mara tatu, bado linanuka shamba.

Gwamaka alikuja kukagua, hakuketi.
Ana kovu jeupe kwenye kidole gumba, hajapata kulieleza.
"Mkono mmoja mfukoni," alisema, "siku zote.
Umeme wa valvu hauna haraka.
Umezima, umechomoa, umekwenda kula ugali,
kapasita bado imekunja ngumi inakusubiri."

Usiku ule niliwasha, mkono mfukoni.
Kwanza hakuna kitu.
Halafu ndani ya vioo pakaiva rangi,
ile ya kaa la mwisho mama anapolifunika majivu,
halafu mngurumo: nyuki, nyuki, mzinga mzima sebuleni.

Kosa lilikuwa langu. Nilizikalisha transfoma zikitazamana,
ya Mwanjelwa na ya Tukuyu,
kama mawifi wawili kwenye jiko moja,
kila neno la huyu linamfikia yule.
Nikazima, nikasubiri, nikalegeza skrubu nne,
nikamgeuza mmoja ubavu.

Nikawasha tena.
Kimya. Si kimya cha kitu kilichokufa.
Kimya cha mtu aliyevuta pumzi.

Nikachomeka gitaa.
Nikapiga nyuzi zote sita, wazi, bila kubonyeza popote,
na sauti ikatoka nene, imekwaruza kidogo pembeni
kama ukoko wa wali,
vikombe vikatikisika kwenye msumari,
na papo hapo

umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukasema "Aah!"
Kwenye baa muziki ukakatwa shingo.
Taa zikafa kutoka Soweto hadi Ilomba.
Sauti yangu haikufa.
Ilibaki gizani, ikiishi kwa akiba,
moja,
mbili, ikipungua, ikiwa tamu zaidi,
tatu,
nne, kama mtu anayeondoka huku bado anaongea.

Kisha vioo vikaanza kupoa, ti, ti.

Ng'ambo ya ua mtu akapaza sauti:
"We! Una jenereta?"

Sikujibu. Nilichomoa waya, nikahesabu hadi mia tano,
nikahesabu tena, kwa ajili ya kidole cha Gwamaka,
ndipo nikautoa mkono mfukoni
nikaugusisha transfoma ya Ambilikile.
Ilikuwa vuguvugu,
kama yai ambalo kuku ameliacha sasa hivi.